Masaa Kumi na Manne ya Nesi

Kwa miaka ishirini na tisa mzee huyu alikaa kwenye geti la yadi ya malori, ndani ya kibanda cha mabati chenye dirisha moja la kuinuliwa kwa kijiti, na kazi yake ilikuwa kuandika. Lori likitoka, anaandika saa. Likirudi, anaandika saa. Katikati ya saa hizo mbili kulikuwa na barabara, na barabara zote alikuwa nazo kichwani: mji ule kilomita mia nne na kumi na mbili, lori lenye mzigo masaa tisa, tupu masaa saba na nusu, mvua ikinyesha ongeza moja. Dereva akichelewa, mzee hakufoka. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye mstari, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake pole:

"Hapa kuna pengo."

Ndiyo maana madereva wakamwita Mzee Pengo. Mgeni akilisikia jina hilo alimtazama mdomoni kwanza, akashangaa kuona meno yote yapo, tena meupe.

Alikuwa hakosei. Kulikuwa na dereva mmoja aliyekuwa akipungukiwa dakika arobaini kila Alhamisi. Mzee Pengo akaandika, akaandika, mpaka dereva akaitwa ofisini, na huko ikajulikana kwamba anachepuka kwenda kumchotea maji mama yake. Hakufukuzwa, lakini alihamishiwa njia nyingine. Mzee Pengo mwenyewe hakumtakia ubaya. Kwake yeye pengo lilikuwa pengo, na kilichomo ndani yake ni shauri la ofisi. Malori yale yote yalizunguka ndani ya nchi moja, kwa saa ile ile ya ukutani, kwa hiyo hesabu yake haikupata hata siku moja sababu ya kuyumba.

Alipostaafu akarudi nyumbani na tabia yake. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na ukumbi: yeye na mkewe chumba cha mbele, mwanawe wa mwisho na mke wake chumba cha nyuma, na mjukuu wa miaka minne kila chumba, kutegemea nani ana biskuti. Mwanawe alikuwa fundi wa friji, akiitwa Fundi hata na mama yake mzazi. Mke wa Fundi alikuwa nesi, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Nesi. Mzee Pengo alikuwa anakaa barazani akiwapimia watu safari zao.

"Mama, kwenda dukani na kurudi ni dakika kumi na mbili," alimwambia mkewe. "Umetumia thelathini na tano."

"Na za kusengenya hukuziweka? Hesabu gani hiyo?"

Wakacheka. Ilikuwa nyumba ya kuchekacheka, na hilo likumbukwe.

Basi hospitali ikamchagua Nesi kwenda ng'ambo miezi kumi, kujifunza mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Akaenda, akasoma, akarudi. Alifika nyumbani Jumamosi jioni, miguu imemvimba viatu havimtoshi, mtoto kamng'ang'ania shingoni kama kanga ya pili. Wote wakakaa ukumbini kumsikiliza.

"Mwanangu, pole na safari," mzee akamwambia. "Ni masaa mangapi hewani?"

"Kumi na matatu, baba. Kwenda kumi na matatu, kurudi kumi na matatu. Mbele ya kiti kuna kioo kidogo, kinaonyesha ndege ilipo. Kilomita elfu kumi na moja na mia tatu, baba! Nikasema hapa angekuwepo baba angefurahi."

"Elfu kumi na moja na mia tatu," mzee akarudia, akionja kila tarakimu. "Mlisimama mahali?"

"Wapi! Moja kwa moja." Na kwa kuwa aliona macho ya mzee yanang'aa, akamhadithia: vyakula kwenye visahani vya karatasi, mtu wa kiti cha pembeni aliyekoroma bahari nzima, mawingu yaliyoonekana chini badala ya juu. Halafu akafungua mkoba, akatoa kitabu kinene cha mashine, na ndani ya kitabu akatoa karatasi mbili za tiketi zilizonyooka. "Hizi nimekuwekea wewe. Ya kwenda na ya kurudi. Zina saa za kuondoka na kufika. Najua unavyopenda."

Mzee akazipokea kwa mikono miwili.

Jumapili asubuhi akavaa miwani, akakaa barazani nazo. Ndege ya kwenda: kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa kumi alasiri, siku hiyo hiyo. Kidole kikapita kwenye mstari. Masaa sita. Ndege ya kurudi: kuondoka saa nne usiku, kufika saa kumi na mbili jioni ya kesho yake. Masaa ishirini.

Akarudia. Sita. Ishirini.

Akachukua kalamu na mgongo wa kalenda ya mwaka jana. Kilomita elfu kumi na moja na mia tatu kwa masaa sita, ni kilomita elfu moja mia nane themanini na kitu kwa saa. Kwa masaa ishirini, mia tano sitini na tano. Ndege ile ile, njia ile ile. Hata lori lenye mzigo wa saruji halitofautiani na lori tupu kiasi hicho. Akajaribu kuitetea: labda kwenda ni mteremko. Akajicheka mwenyewe, lakini kicheko hakikufika tumboni. Tena Nesi alisema kumi na matatu, na kumi na matatu hayakuwepo kwenye karatasi yoyote. Baina ya sita na ishirini kulikuwa na masaa kumi na manne.

Hapa kuna pengo, akawaza, na akatamani asingewaza.

Kwa siku tatu hakusema. Lakini mtu akishaanza kutafuta, kila kitu humjia chenyewe. Nesi alikuwa anasinzia mchana kweupe, kichwa mezani, na usiku anasikika ukumbini akitembea. Mzee akasema moyoni: huyo ana jambo linamkosesha usingizi. Nesi akapigiwa simu kutoka ng'ambo, akaongea kwa lugha ya kule, akacheka sana, halafu akasema ni mwalimu wake. Mzee akasema moyoni: mwalimu. Hata uvimbe wa miguu akaupa maana yake.

Jumatano akashika njia ya karakana. Ilikuwa chumba kimoja cha barabarani, friji mbovu zimepangwa nje zimefunguliwa milango, na ndani Fundi na mafundi wenzake wawili wamepiga magoti mbele ya mtambo. Mzee Pengo angeweza kumwita mwanawe pembeni. Barabara ilikuwa na pembe tele. Lakini alikuwa na karatasi mfukoni na hesabu iliyokamilika, na kwa miaka saba tangu astaafu hakuna mtu aliyemsikiliza akisoma hesabu. Akavuta kreti la soda, akakaa, akateremsha sauti kidogo tu.

"Mwanangu, mimi simsemi mtu. Nakuonyesha karatasi. Kwenda masaa sita. Kurudi masaa ishirini. Ndege haikusimama, kasema mwenyewe."

Fundi alikuwa ameshika bisibisi. "Maana yake nini, baba?"

"Maana yake mimi sijui. Mimi naona masaa kumi na manne hayana mwenyewe."

Wale wenzake wawili wakawa wanafuta mtambo uliokwisha kufutwa. Fundi akazitazama karatasi muda mrefu. Alikuwa na simu mfukoni yenye kila kitu ndani yake, angeweza kuuliza kwa kidole kimoja. Lakini tangu utoto wake hajapata kumwona baba yake akikosea kujumlisha, na miezi kumi ni mingi, mtu peke yake huwaza mengi. Akasema tu, "Haya, baba," na sauti haikuwa yake.

Alichomwuliza mkewe jioni ile, na namna alivyomwuliza, hakuna aliyekisikia chote, maana mlango ulifungwa. Mzee Pengo barazani alisikia sauti ya Nesi mara moja tu, haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyepigwa na butwaa:

"Unanihesabia masaa, mume wangu? Mimi?"

Asubuhi Nesi akatoka na begi na mtoto. Pale barazani akasimama mbele ya mkwewe, akamwangalia, akapita. Akaenda kwa kaka yake mkubwa, mitaa miwili mbele. Mtoto akageuka akapunga mkono, "Babu, tunaenda kwa mjomba!" kwa furaha ya asiyejua.

Mkewe Mzee Pengo akatoka jikoni na kisu cha viazi mkononi.

"Kuna nini? Mkamwana kanipita kama upepo, namwita haitiki. Mwanao kaondoka bila chai. Umefanya nini?"

"Kwa nini niwe mimi?"

"Kwa sababu umevaa miwani."

Ikabidi aeleze. Akatoa karatasi, akapitisha kidole. Mkewe hakujua kusoma sana, tarakimu alizijua za bei. Akasikiliza mpaka mwisho, kisu kimening'inia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa nikuulize mimi, ambaye sikukaa getini. Mkamwana alipokuwa huko, asubuhi nikishafagia, saa mbili hivi, nikitaka kumpigia simu, nani alikuwa ananinyang'anya simu?"

"Mimi."

"Ukisemaje?"

"Nikisema usimwamshe. Kule ni usiku wa manane."

"Miezi kumi ulinifundisha hivyo. Ukanihesabia na vidole, masaa saba nyuma yetu. Mpaka majirani nikawafundisha, nikajiona msomi. Sasa saa ya karatasi hiyo ya kufika kule, ni saa ya ukuta wetu au ya ukuta wao?"

Mzee Pengo akazitazama tena zile saa za kufika. Masikio yalikuwa yamemwaka moto. Akachukua kalamu, akaanza upya kwenye mgongo wa kalenda. Saa kumi alasiri ya kule, kwetu ni saa tano usiku. Toka saa nne asubuhi hadi saa tano usiku: kumi na matatu. Saa nne usiku ya kule, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Toka hapo hadi saa kumi na mbili jioni: kumi na matatu.

Kumi na matatu na kumi na matatu. Kama alivyosema Nesi siku ya kwanza, miguu imevimba, akicheka.

Na kule kusinzia mchana ikamjia pia. Mwili wake ulikuwa bado uko kule, masaa saba nyuma. Mchana wetu kwake ulikuwa usiku. Mtoto wa watu alikuwa anapigana na usingizi akiwapikia, na yeye amekaa pembeni akimwandika.

"Nilikuwa najua," akasema. Ndilo lililomchoma. Angekuwa hajui, angesema sikusoma, na watu wangemsamehe kabla hajamaliza. Lakini alikuwa anajua, aliwafundisha wengine, na kwenye hesabu ya mke wa mwanawe akasahau kulitumia lile analolijua.

"Ulijua," mkewe akasema, akarudi jikoni. Mlango hakuufunga kwa nguvu. Afadhali angeufunga.

Mzee Pengo akakaa. Aliyetoka na aliyeingia mtaani siku hiyo hakumpimia safari. Watu wawili walimsalimu, na kwa jinsi walivyomsalimu akajua kwamba habari imekwisha kutoka karakana, inatembea. Akaona aibu mpaka kwenye nyayo. Akajaribu kujipa moyo kwamba jioni itakuwa nyepesi. Jioni ikawa nzito zaidi, kwa sababu Fundi alirudi, akala akiwa amesimama, akalala karakana.

Ijumaa mzee akaenda hospitali. Chumba cha mashine kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu unaonuka dawa ya kusafishia sakafu, na nje yake kulikuwa na benchi la wagonjwa. Akakaa kwenye ncha. Mzee mwenziwe aliyekuwa na plasta mkononi akamgeukia.

"Nawe figo, mzee mwenzangu?"

"Hapana. Mimi ni mdomo."

"Huo hapa hawana mashine yake," yule akasema.

Nesi alitoka baada ya muda, anavua glavu. Alipomwona akasita. Akaja, akamwamkia kwa adabu zote, na adabu hizo zilimuumiza mzee kuliko kama angetukanwa.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha. Nilikosea hesabu."

"Hesabu si kitu, baba," Nesi akasema. Alisema taratibu, kama anavyosema na wagonjwa. "Mimi mwenyewe wiki ya kwanza kule nilikuwa nakula chakula cha mchana alfajiri. Ungeniuliza ningekuchorea, tungecheka."

"Niliona haya kukuuliza."

"Uliniuliza lakini. Uliniuliza kama ndege ilisimama njiani. Nikadhani unataka hadithi, nikakuhadithia." Akazikunja glavu zikawa kidonge kidogo. "Na zile karatasi, baba, nilizitunza miezi kumi ndani ya kitabu zisikunjike. Nilikuwa nakuwekea wewe."

Mzee Pengo akatazama viatu vyake. Yule mwenye plasta akageuza uso ukutani, akajifanya anasoma tangazo.

"Nifanye nini, mwanangu? Niambie tu."

"Ulimwambia wapi mume wangu?"

"Karakana."

"Kulikuwa na watu?"

"Wenzake wawili."

"Basi wale wawili wana wake zao, na wake zao wana majirani. Leo asubuhi mama mmoja kaniletea mgonjwa wake, kaniuliza kama nilifika salama, huku anamkonyeza mwenzake." Macho yake yalilengwa na machozi, lakini hayakudondoka. "Sihitaji uniombe msamaha hapa, baba. Hapa sikuvuliwa nguo. Nenda pale."

Akaenda moja kwa moja, bila kupita nyumbani. Ni kilomita tatu, na hakuzipima.

Karakana ilikuwa na wenzake Fundi wale wale wawili, na safari hii na mteja mmoja mwanamke aliyeleta friji. Mzee Pengo akaona angalau huyo mteja aondoke kwanza. Halafu akakumbuka kwamba Nesi hakupewa nafasi ya kungoja mtu aondoke. Akasimama mlangoni. Kreti la soda lilikuwepo, hakukaa.

"Jumatano nilisema hapa neno juu ya mke wa mwanangu," akasema, kwa sauti waliyoisikia hata wa ng'ambo ya barabara. "Nilisema masaa kumi na manne hayana mwenyewe. Ni uongo, na uongo huo ni wangu. Saa za kule ziko nyuma ya zetu masaa saba, nami nilijua hivyo. Alisafiri masaa kumi na matatu kwenda na kumi na matatu kurudi, kama alivyosema mwenyewe. Kilichokosekana ni akili yangu."

Mmoja wa wale mafundi, mnene, wanayemwita Kompresa, kama pampu ya friji, kwa sababu ya namna anavyopumua, akashindwa kujizuia.

"Kwa hiyo mzee, siku zile getini madereva wangekuwa wanapitia ng'ambo, si wangefungwa wote?"

Mwenzake akacheka kwa pua. Mteja naye akajifunika mdomo. Mzee Pengo akakipokea kicheko kile, akasubiri kiishe. "Wangefungwa wote," akakubali. "Na wewe ukirudi nyumbani mwambie mkeo nilivyosema, kama ulivyomwambia lile la kwanza. Tafadhali." Kompresa akaacha kucheka, akainamia mtambo.

Fundi hakuwa amecheka. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye friji, mikono imejaa mafuta.

"Baba, wewe ulihesabu tu," akasema hatimaye. "Mimi ndiye niliyemwuliza. Simu ilikuwa mfukoni. Sikutaka kutazama."

"Kalamu ilikuwa yangu."

"Na mke ni wangu." Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akamwomba yule mteja radhi, na akaondoka kwa miguu kuelekea kwa shemeji yake. Mzee akabaki pale mlangoni hajui aende wapi, mafundi nao hawajui wamkaribishe au wamwache, mpaka Kompresa akamsogezea kreti kwa mguu. Hakulikalia.

Fundi alikwenda Ijumaa, akarudi peke yake. Jumamosi akaenda tena, akarudi peke yake. Waliyoongea huko ni yao. Mzee Pengo hakuuliza. Siku hizo mbili alikuwa akitunga maneno ya kumpokelea Nesi, kama atarudi. Alikuwa na maneno mazuri, ya kuanzia mbali, yenye mwanzo na mwisho, na alikuwa anayasema kimoyomoyo hata akinawa uso.

Jumapili baada ya chakula cha mchana wakatokea mwanzo wa mtaa, Fundi mbele amembeba mtoto mabegani, Nesi nyuma na begi lake. Majirani wakatoka milangoni kana kwamba wote wamekumbuka kufagia. Nesi akatembea katikati yao bila kuharakisha, akiwasalimu mmoja mmoja kwa majina.

Alipofika barazani, mzee akasimama. Maneno yote yakamtoka, hata lile la kwanza. Alisimama tu, mkwe mzima, midomo inacheza, na majirani wanatazama. Ndipo akanyoosha mkono akashika begi.

Nesi hakuliachia mara moja. Kwa kitambo kidogo walilishika wote wawili. Halafu akaliachia.

Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Vitabu vya mashine vilikuwa ndani. Mzee Pengo akalibeba akavuka ukumbi, bega limeinama, akampita mkewe aliyesimama na kijiko, akapita meza, akisikia nyuma yake hatua za mkamwana zinamfuata. Walipofika kwenye mlango wa chumba cha nyuma, Nesi akaweka mkono juu ya begi.

"Hapa panatosha, baba," akasema.

Akalichukua, akaingia, akaurudisha mlango taratibu.